Siri ya mabingwa wa mbio imo katika mazoea ya kila siku

SAA kumi na mbili asubuhi, kabla ya jua kuchomoza sawasawa juu ya Bonde la Kerio, barabara za udongo mwekundu za mji wa Iten, Kaunti ya Elgeyo Marakwet, huwa tayari zimejaa wakimbiaji. Hutoka kwa makundi, kumi hapa, ishirini pale, kila kundi likifuata njia yake. Mgeni anayewatazama kwa mara ya kwanza hushangazwa na jambo moja: huanza kwa mwendo wa pole mno, kana kwamba hawana haja ya kufika waendako.

Ni katika mji huu ambapo Brother Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland aliyefika mwaka 1976 kufundisha katika Shule ya Upili ya St Patrick's, aliwanoa wanariadha wengi waliokuja kuvuma duniani. Miongoni mwao ni David Rudisha, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012.

Swali ambalo wageni hawachoki kuuliza ni moja: Je, watu hawa wana siri gani? Kunao wanaotaja mwinuko wa ardhi, kwa kuwa Iten iko takribani mita 2,400 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi. Wengine hutaja nasaba, na wengine hutaja hamu ya kujikwamua kutoka kwa umaskini. Majibu hayo yote yana chembe ya ukweli. Hata hivyo, ukishinda na wanariadha hawa siku nzima, utagundua kuwa saa nyingi hawakimbii. Wanalala, wanakula, wanakunywa chai, wanafua nguo na kupumzika. Aghalabu ni katika mambo hayo madogo, yanayorudiwa kila siku kwa miaka, ambapo ubingwa hujengwa.

Mwandishi wa makala haya ana sababu yake ya kuyachunguza mambo hayo. Kazi ya uhariri ni kazi ya kiti. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimeketi mbele ya kurasa za watu wengine, kikombe cha chai yenye vijiko vitatu vya sukari kikiwa kando, na chakula cha jioni nikikila saa tano usiku. Nilipotimiza umri wa miaka 52, daktari alinipima shinikizo la damu mara tatu, akaitazama mashine yake, kisha akaniuliza: "Mzee, ni lini mara ya mwisho ulipotembea kwa miguu kwa nusu saa?" Sikuwa na jibu.

Siko peke yangu. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu maradhi yasiyoambukiza uliofanywa nchini mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima walikuwa na shinikizo la juu la damu. Hivyo basi, yanayofanywa na wanariadha wetu yanatuhusu sote, ingawa kama tutakavyoona, si yote yanayofaa kuigwa na kila mtu.

Usingizi ni sehemu ya mazoezi

Watu wengi hudhani kwamba misuli hupata nguvu mtu anapokimbia au kuinua vitu vizito. Kwa hakika, wakati huo misuli huchoka na nyuzi zake hupata michubuko midogo midogo. Nguvu huja baadaye, mwili unapotengeneza palipochubuka na kupaimarisha kuliko palivyokuwa. Kazi hiyo kubwa hufanyika mtu akiwa amelala, kwani homoni ya ukuaji humiminika kwa wingi zaidi katika usingizi mzito.

Ndiyo maana katika kambi nyingi za mazoezi za Bonde la Ufa, taa huzimwa mapema, mara nyingi mwendo wa saa tatu usiku. Baada ya mazoezi ya asubuhi na kiamshakinywa, wanariadha hurudi tena kitandani. Eliud Kipchoge, aliyekuwa mtu wa kwanza kukimbia kilomita 42.195 chini ya saa mbili, pale Vienna mwezi Oktoba 2019 kwa saa 1:59:40, ingawa katika mbio maalumu zisizohesabiwa kuwa rekodi rasmi, ameeleza mara kadhaa kwamba yeye huongeza usingizi wa mchana juu ya ule wa usiku.

Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu wachezaji 11 wa mpira wa vikapu. Wachezaji hao waliombwa kukaa kitandani angalau saa 10 kila usiku kwa majuma kati ya matano na saba. Kasi yao ya kukimbia iliongezeka, na ulengaji wao wa mipira ya adhabu ukaimarika kwa asilimia 9. Walikuwa wachache, na hapakuwa na kundi jingine la kuwalinganisha nalo, lakini matokeo hayo yanaafikiana na yale ambayo makocha wa Iten wameyajua kwa mazoea.

Mtu wa kawaida hahitaji saa 10. Wataalamu wanapendekeza angalau saa saba kwa mtu mzima. La muhimu zaidi ni kulala na kuamka wakati ule ule kila siku, kuiweka simu mbali na mto, na kutokunywa kahawa au chai kali jioni. Kafeini haitoki mwilini upesi: saa tano hivi baada ya kuinywa, karibu nusu yake bado huwa inazunguka katika damu.

Ugali, sukuma na ukweli kuhusu sukari

Yeyote anayetarajia kukuta vyakula vya ajabu katika sahani ya bingwa atavunjika moyo. Mwaka 2004, Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanariadha 10 wa Kenya wa kiwango cha juu, ambao chakula chao chote kilipimwa kwa siku saba. Asilimia 76 hivi ya nguvu yao ilitoka kwa vyakula vya wanga. Ugali peke yake ulitoa karibu robo ya nguvu yote. Vingine vilikuwa wali, viazi, mkate, maharagwe, sukuma wiki, kabeji na maziwa. Nyama ilikuwa kidogo.

Sababu ya wingi huo wa wanga ni rahisi kuielewa. Mwili huugeuza wanga kuwa sukari, kisha huiweka akiba katika misuli na ini kwa jina la glaikojeni. Akiba hiyo ndiyo mafuta ya taa ya mkimbiaji. Haizidi sana gramu 500 kwa watu wengi, nayo hupungua kila anapokimbia kwa kasi. Ikiisha, miguu huwa mizito kama magogo, hali inayowajua vyema wakimbiaji wa marathoni wafikapo kilomita ya 30 na kuendelea. Mwanariadha anayekimbia asubuhi na jioni hana budi kuijaza akiba hiyo kila siku.

Utafiti huo ulibaini tabia nyingine yenye manufaa: wanariadha walikula muda mfupi baada ya mazoezi, kwa kawaida kabla ya saa moja kupita. Wakati huo misuli huwa na njaa, nayo huipokea sukari upesi zaidi kuliko baadaye. Chai ya maziwa na mkate, au uji na maziwa, hutosha. Hakuna haja ya kununua unga wa bei ghali unaouzwa kwenye mikebe yenye picha za watu wenye vifua vipana.

Sasa hapa ndipo penye mtego. Katika utafiti huo huo, karibu asilimia 20 ya nguvu ya wanariadha hao ilitoka kwa sukari ya kawaida, nyingi yake ikiwa ile ya chai. Kwa mtu anayekimbia zaidi ya kilomita 100 kwa juma, sukari hiyo huchomwa kabla ya kuleta madhara. Kwa mhariri, karani, dereva wa matatu au mwalimu anayeketi kutwa, chai ile ile ni jambo jingine kabisa. Sukari isiyotumika hugeuzwa mafuta yanayorundikana tumboni na kwenye ini, na hapo ndipo kisukari cha aina ya pili hupata mlango.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kwamba sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nguvu anayopata mtu kwa siku, na kwamba ni heri zaidi isipozidi asilimia 5. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, asilimia 5 ni takribani gramu 25, yaani vijiko sita vidogo vya chai kwa siku nzima. Aliye na mazoea ya vikombe vitatu vyenye vijiko vitatu kila kimoja huwa amekwisha kuupita mpaka huo kabla hajagusa soda wala keki.

Mafunzo ni haya: tuige mboga, maharagwe na utaratibu wa kula wa wanariadha, lakini tusiige kiasi chao cha ugali na sukari iwapo hatukimbii kama wao. Sahani ya anayeketi yafaa nusu yake iwe mboga na matunda, robo iwe ugali au wali, na robo iliyobaki iwe maharagwe, ndengu, samaki, mayai au nyama.

Chai na damu

Kuna jambo moja kuhusu chai ambalo wengi hawalijui. Chai huwa na kemikali zinazoyashika madini ya chuma yaliyomo katika mboga na nafaka, hivi kwamba mwili hushindwa kuyafyonza vyema. Madini hayo ndiyo yanayotengeneza himoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni. Mwanariadha mwenye upungufu wa chuma hukimbia kana kwamba amebeba mzigo, na mwanafunzi mwenye upungufu huo husinzia darasani.

Wasichana wako katika hatari zaidi kwa kuwa hupoteza damu kila mwezi. Dawa yake ya kwanza ni nyepesi: chai inywewe saa moja au mbili kabla ya mlo au baada yake, wala isiandamane na chakula. Fauka ya hayo, vitamini C husaidia chuma kuingia mwilini. Kukamua ndimu juu ya maharagwe, au kula chungwa na sukuma wiki, ni tabia isiyogharimu pesa nyingi lakini faida yake ni kubwa. Hata hivyo, tembe za chuma zisimezwe kiholela bila kupimwa damu, kwani chuma kikizidi nacho hudhuru.

Maji: kiu ndicho kipimo

Tumesikia mara nyingi kwamba kila mtu lazima anywe bilauri nane za maji kwa siku. Ukweli ni kwamba kiasi kinachohitajika hutegemea joto, kazi na ukubwa wa mwili. Wanariadha wa utafiti wa mwaka 2004 walikunywa, kwa wastani, lita moja hivi ya maji na zaidi kidogo ya lita moja ya chai kwa siku. Maji mengine waliyapata ndani ya chakula chenyewe.

Kunywa kidogo mno ni hatari, hasa Mombasa, Garissa au Lodwar ambako jua ni kali. Lakini kuzidisha nako kuna balaa lake. Katika mbio za Boston Marathon za mwaka 2002, watafiti waliwapima damu wakimbiaji 488 walipomaliza. Asilimia 13 kati yao walikuwa na upungufu wa sodiamu katika damu, na dalili kuu ya walio katika hatari ilikuwa kuongeza uzani wakati wa mbio, yaani walikunywa maji mengi kuliko waliyopoteza. Hali hiyo ikizidi, ubongo huvimba na mtu anaweza kufa.

Kwa hivyo, kunywa unaposikia kiu, na utazame rangi ya mkojo. Ukiwa wa manjano iliyofifia, mambo ni shwari. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi, mwili unaomba maji.

Polepole ndio mwendo

Turejee kwa wale wakimbiaji wa alfajiri wanaoanza kwa mwendo wa pole. Stephen Seiler, mtafiti mzaliwa wa Marekani anayefanya kazi nchini Norway, aliwachunguza wanamichezo mashuhuri wa kukimbia, kupiga makasia, kuendesha baiskeli na kuteleza kwenye theluji. Aligundua kwamba takribani mazoezi manane kati ya kumi wanayofanya ni mepesi. Mawili tu ndiyo huwa makali.

Mazoezi mepesi ya muda mrefu huufanya moyo kusukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, huongeza mishipa midogo ya damu ndani ya misuli, na huzidisha vile vijinu vidogo ndani ya chembe za mwili vinavyogeuza chakula kuwa nguvu. Mabadiliko hayo huja taratibu, kwa miezi na miaka. Mtu anayejaribu kuyalazimisha kwa kukimbia kwa kasi kila siku huchoka, huumia na hatimaye huacha. Haraka haraka haina baraka.

Kipimo cha mwendo mwepesi hakihitaji saa ya bei ghali. Ukiweza kuzungumza na mwenzako kwa sentensi nzima huku ukikimbia au ukitembea, uko sawa. Ukilazimika kuvuta pumzi baada ya kila neno, punguza.

Maumivu yana lugha yake

Misuli kuuma siku moja au mbili baada ya mazoezi mapya ni jambo la kawaida. Maumivu makali yanayokaa mahali pamoja juu ya mfupa, yanayozidi kila unapokanyaga, ni onyo la ufa mdogo katika mfupa. Hayo hayapoi kwa kuchuliwa wala kwa kumeza vidonge vya kutuliza maumivu ili mtu aendelee kukimbia. Hupoa kwa mapumziko na matibabu.

Kuna onyo jingine ambalo katika shule zetu aghalabu hunyamaziwa. Msichana anayefanya mazoezi makali na ambaye hedhi yake imekatika kwa miezi kadhaa mara nyingi huwa hali chakula cha kutosha kulingana na kazi anayoifanya. Kuna makocha wanaofurahia hali hiyo wakidhani ni ishara ya wembamba unaofaa. Wanakosea vibaya. Mwili usiopata chakula cha kutosha huanza kupunguza matumizi: hedhi husimama, mifupa hudhoofika, na mbio zenyewe hupungua kasi. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa taarifa rasmi kuhusu hali hiyo, na kusisitiza kwamba hata wavulana huathirika. Mzazi akiona dalili hizo, ampeleke mtoto hospitalini wala asingoje msimu wa mashindano uishe.

Njia ya mkato

Mtu akiishi mahali pa juu kama Iten, figo zake hutoa homoni iitwayo EPO inayouchochea mwili kutengeneza chembe nyekundu za damu kwa wingi. Ni kazi ya majuma na miaka. Kuna waliotaka kuipata faida hiyo kwa sindano. Jemima Sumgong, mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda marathoni ya Olimpiki, pale Rio de Janeiro mwaka 2016, alipatikana na EPO mwaka uliofuata na kupigwa marufuku. Mwaka huo wa 2016, Kenya ilikuwa tayari imepitisha sheria ya kupambana na matumizi ya dawa zilizoharamishwa michezoni.

Ni vyema kijana anayeanza mbio afahamu mambo mawili. Kwanza, EPO huifanya damu kuwa nzito, na damu nzito huweza kuganda katika moyo au ubongo. Pili, sheria za michezo humhesabu mwanariadha kuwa mwenye jukumu kwa chochote kinachopatikana mwilini mwake, hata kama alipewa na kocha, rafiki au duka la dawa. Kusema "sikujua" huenda kukapunguza adhabu, lakini matokeo ya mbio hizo hayarudi.

Uanzie wapi?

WHO ilitoa mwongozo mwaka 2020 unaosema kwamba mtu mzima anafaa kupata dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma, kama vile kutembea kwa haraka, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Aongeze mazoezi ya kuimarisha misuli angalau mara mbili kwa juma. Watoto na vijana wanahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku.

Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Unaweza kushuka matatu vituo viwili kabla ya kwako na kumalizia safari kwa miguu. Unaweza kupanda ngazi badala ya lifti, kulima shamba dogo nyuma ya nyumba, au kumsindikiza mtoto shuleni. Katika uchunguzi mmoja uliohusisha wanariadha 404 wa Kenya, ilibainika kwamba wengi wao walikuwa wakienda shuleni wakikimbia walipokuwa watoto, kwa kiwango kilichozidi sana cha watu wasio wanariadha. Hakuna aliyewaambia kwamba hayo ni mazoezi. Ilikuwa ni safari ya kwenda shule tu.

Mwenye umri mkubwa, mwenye shinikizo la damu, kisukari au maradhi ya moyo, amwone daktari kabla ya kuanza mazoezi makali. Yeyote anayesikia kifua kikimbana, kizunguzungu au pumzi kumwishia bila sababu asimame mara moja na kutafuta matibabu.

Mimi nilianza kwa dakika kumi, tena nikihema. Vijiko vitatu vya sukari vikawa viwili, kisha kimoja. Saa tano usiku sasa hunikuta kitandani siku nyingi, ila zile ambazo habari za mwisho huchelewa. Dawa ya shinikizo bado naimeza kama nilivyoagizwa, na sijashinda mbio zozote. Lakini juma lililopita daktari aliniuliza tena swali lile lile la kutembea, na safari hii nilikuwa na jibu: "Asubuhi ya leo."